Ubao wa Badi Mahazi

Badi Mahazi wa banda la video, Majengo,
alinipa ubao mweusi na chaki mbili.
"Sentensi moja kila filamu," akasema.
"Ukiandika mbili watasoma, hawatalipa."
Mshahara wangu: benchi la nyuma karibu na feni,
na chai, siku ambazo mkewe hajanuna.

Basi.

RISASI YA SABA
Nilihesabu mia mbili na nne,
na hakuna hata moja iliyompata mwandishi.

GEREZA LISILO NA PAA
Mfasiri wetu wa Kisauni
amemtia jambazi maneno ya muuza mahamri,
na jambazi amependeza kuliko alivyozaliwa.

JINI WA GHOROFA YA TATU
Kamera ilishuka mpaka sakafuni, tukaona vidole vitano,
na watoto wa chuoni wakauliza kwato zimekwenda wapi.

MKE WA GAVANA
Analia vizuri, ila nywele zake hazina habari.

BANGILI ZA BIBI HARUSI
Saa tatu na robo, nikalia mara mbili:
mjomba alipokufa, na stima ilipokatika kabla ya ndoa.

SAYARI ISIYO NA JUMATATU
Mtu amevuka nyota elfu
kwenda kuambiwa na babake
neno ambalo lingesemeka jikoni.

MAPENZI YA NYALI
Wanapendana bwawani, wanagombana bwawani,
hakuna anayedaiwa kodi; nilitazama feni.

Shebwana, fundi wa pikipiki, alinisimamisha njiani.
"Wewe mwanamke ulimi wako wembe."
Usiku mtu alifuta hukumu yangu ya Risasi
akaandika NZURI SANNA.
Nikaiacha. Ilikuwa fupi kuliko yangu.

Kisha, mwezi wa Rajabu, ikaja hii:
MPELELEZI WA BONDENI.

Nimeitazama mara tatu.
Hadithi haina kichwa, muuaji twamjua tangu anavyovaa kofia,
na huyo mpelelezi anakimbia kama mtu
aliyeazima viatu.
Yote haya ni kweli, na chaki nilikuwa nayo mkononi.

Lakini dakika ya arobaini na moja,
nyuma ya bega la mpelelezi,
mama anapita na ndoo kichwani.
Sekunde nne. Tano, ukihesabu pindo la leso
linalobaki yeye akishatoka.

Nakumbuka alivyorudi siku ile, miguu vumbi tupu,
mia tano mkononi na soda isiyo baridi:
"Wamenipitisha mara kumi na moja, mwanangu.
Mara ya tatu maji yakamwaika, wakasema basi,
beba ndoo tupu.
Haya, na mtu yuwabebaje utupu?"

Hakuwahi kujiona. Filamu ilichelewa miaka minne,
yeye hakuchelewa.

Nimesogea mpaka puani pa kioo.
Ndoo ni tupu kweli, mhini wake unacheza.
Shingo inabeba maji.
Shingo inabeba lita ishirini,
na mkono mmoja umeinuka nusu,
tayari kudaka kisichokuwepo.

Miaka sita naandika juu ya waigizaji.

Nikaandika:
Filamu mbovu. Dakika ya 41, tazameni kushoto.

Badi akasoma, midomo ikimcheza.
"Hizo ni mbili."
"Ni mbili," nikasema.
Akaniangalia, akaenda kuwasha jenereta.

Walijaa. Wengine walidhani kuna mtu uchi.
Dakika ya arobaini njugu zikaacha kupasuliwa,
vichwa vikaelemea upande mmoja
kama abiria chombo kikipinda.

Akapita.

Kijana wa mbele akasema,
"Mbona hamna kitu, ni mama na ndoo tu?"

Na Shebwana, gizani, mikono ikinuka oili:
"Nyamaza. Nzito ile."